Kutengeneza rangi za maji kwa udongo wa asili

Udongo mwekundu uliochimbwa shimo moja, kutoka matabaka mawili yaliyopakana, unaweza kutoa rangi mbili zenye tabia tofauti kabisa. Wa tabaka la juu unateleza vizuri kwenye karatasi. Wa tabaka la chini, ukitiwa gundi ileile kwa kipimo kilekile, unakauka na kupasuka vipandevipande kama dimbwi la kiangazi. Udongo wa asili si rangi tupu: una oksidi za chuma, mfinyanzi, mchanga, chumvi na mabaki ya mimea, na kila mchanganyiko hunywa gundi kwa kiasi chake. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila udongo. Vipimo vya kuanzia vipo, na vimetolewa hapa chini, lakini kazi inayoamua ubora wa rangi ni mbili: kuosha udongo kwa subira, na kuupima wenyewe kabla ya kutengeneza mkupuo mzima.

Rangi ya udongo inatoka wapi

Karibu rangi zote za udongo ni kazi ya chuma. Manjano hutokana na gothaiti, yaani oksidi ya chuma iliyoshikana na maji. Nyekundu, ile ambayo mafundi seremala waliiita ngeu, ni hematiti, ambayo ni oksidi ya chuma isiyo na maji. Kahawia iliyoiva ina chuma pamoja na manganizi, na kadiri manganizi inavyozidi ndivyo inavyokaribia weusi. Udongo wa kijani ni wa madini ya glaukoniti au seladoniti. Huwa hafifu, nao unafaa kuchorea kivuli na ngozi ya watu kuliko majani yanayong'aa. Faida kubwa ya rangi hizi zote ni kwamba hazififii juani. Chuma kilichokwisha kutu hakina pa kwenda.

Chaki nyeupe huwavunja moyo wengi. Ikiwa kavu ni nyeupe, ikiingia kwenye gundi inageuka karibu uwazi, kwa sababu chaki na gundi hupindisha mwanga kwa kiwango kinachokaribiana. Itumie kufifisha rangi nyingine, usitegemee ikufunike karatasi.

Udongo mweusi wa msituni au wa bustani hauhusiki hapa. Weusi wake ni mboji, nayo huoza, huota ukungu na kufifia. Kama una shaka, tia kijiko kimoja kwenye kikaango chakavu juu ya moto, nje ya nyumba. Ukitoa moshi wenye harufu ya majani yaliyoungua na kubaki kijivu, huo ulikuwa mboji.

Kuchagua na kuchimba

Tafuta mahali ambapo ardhi imekatwa na matabaka yanaonekana: kingo za mito, makorongo, miteremko iliyomomonyoka. Lowesha donge kidogo, lisugue kwenye kidole, kisha futa kwa kitambaa. Rangi ikibaki kwenye mistari ya ngozi, udongo huo ni mzuri. Ikiwa kilichobaki ni mkwaruzo tu na ngozi imerudi safi, umeshika mchanga uliopakwa rangi juujuu. Dondoshea siki tone moja: likitoa povu, kuna chokaa ndani. Si kasoro, ila rangi itakuwa nyepesi zaidi ya unavyoiona.

Kilo moja yatosha kabisa kuanzia. Omba ruhusa ya mwenye ardhi, na usichimbe kwenye hifadhi, makaburi au sehemu za mambo ya kale.

Kuna udongo wa kuacha ulipo, hata uwe mzuri kiasi gani. Usichukue karibu na machimbo ya madini, viwanda, majalala, kandokando ya barabara kuu au chini ya kuta zenye rangi za zamani, kwa sababu ya risasi na metali nyingine. Jiwe zito lenye wekundu mkali laweza kuwa la zebaki. La manjano au la chungwa linalometameta laweza kuwa la aseniki. La kijani kibichi au la buluu mara nyingi ni la shaba. Kuosha hakuondoi sumu hizo.

Vumbi nalo si la kudharau. Udongo wowote una silika, na vumbi lake laini likiingia kwenye mapafu halitoki. Udongo wenye manganizi una hatari ya ziada ukivutwa puani. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini (ya kiwango cha N95 au FFP2, kitambaa hakitoshi) kila unapoponda, kuchekecha au kupima udongo mkavu, futa meza kwa kitambaa kibichi wala usifagie, na vyombo vya kazi hii visirudi jikoni.

Vifaa

Ndoo mbili, magudulia matatu au manne ya kioo yenye mdomo mpana, chujio la kawaida, kitambaa cha melimeli au soksi ndefu ya nailoni, kinu na mchi, mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, mpira mwembamba wa kunyonyea maji, na kisu bapa kisicho makali. Kwa usagaji wa mwisho unahitaji bamba la kioo nene, la upana wa sentimita 30 hivi, pamoja na mchi wa kioo wenye kitako bapa, kama wanaouza vifaa vya uchoraji wanavyo. Kioo kinachoteleza hakisagi. Kabla ya matumizi ya kwanza, nyunyiza unga wa kusugulia wa karbaidi ya silikoni, ukali wa 120 hadi 220, pamoja na maji, uzungushe mchi juu yake mpaka bamba na kitako vyote viwe na ukungu sawasawa. Kisha osha mpaka pasibaki hata chembe ya unga huo, maana chembe moja itakwaruza kila rangi utakayoisaga baadaye.

Maji ya kuoshea mwanzoni yanaweza kuwa ya bomba. Ya mwisho, na yale ya gundi, yawe yaliyotoneshwa au ya mvua yaliyochujwa, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi hufanya chembe za rangi kushikana mafungu.

Hatua ya 1: kuosha

Hapa ndipo rangi nzuri inapopatikana au kupotea. Wanaoharakisha hatua hii hujaribu baadaye kurekebisha kwa kusaga, na kusaga mchanga hakuufanyi kuwa rangi. Hukupa unga mwingi wa kijivu unaofubaza rangi yenyewe.

Ponda mabonge, tia udongo kwenye ndoo na maji lita 4 au 5, uache usiku kucha. Asubuhi, vizizi na majani yameelea, yaondoe. Koroga vizuri, subiri sekunde 10, kisha mimina kupitia chujio kwenye ndoo ya pili. Changarawe zitabaki chini. Ongeza maji kwenye mabaki na urudie mara mbili.

Sasa unatenganisha mchanga na rangi kwa kutumia muda. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha maikroni 50, ambapo maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, huzama sentimita 10 za maji kwa sekunde 45 hivi. Ya maikroni 20 huchukua dakika 4 na nusu, na ya maikroni 10 dakika 18 na zaidi. Kipenyo kikipungua nusu, muda huwa mara nne. Kwa hiyo saa yako ndiyo chekeche lako, tena chekeche laini kuliko kitambaa chochote.

Jaza gudulia tope mpaka kina cha sentimita 10. Koroga, acha maji yatulie kwa dakika 1, kisha mimina robo tatu ya juu kwenye gudulia la pili, kwa mkono mmoja usiosita, bila kutikisa kilicho chini. Jaza maji tena kwenye mabaki na urudie mara 3 au 4, mpaka maji unayomimina yawe mepesi. Kilichobaki chini ni mchanga, umwage nje.

Tope la gudulia la pili tayari linatengeneza rangi nzuri. Ukitaka laini zaidi, likoroge, subiri dakika 5, umimine tena sehemu ya juu kwenye gudulia la tatu. Usitupe kilichozama. Chembe hizo za kati hukaa kwenye vishimo vya karatasi na kuacha madoadoa laini ambayo wachoraji wa mandhari huyapenda sana. Zinastahili kikasha chao, yaani kisanduku kidogo cha kukaushia na kuhifadhia rangi.

Acha magudulia yatulie siku 1 hadi 3, kisha nyonya maji ya juu kwa mpira. Ongeza maji safi, koroga, acha yatuame, nyonya tena. Fanya hivyo angalau mara 3 ili kuondoa chumvi. Kujua kama zimeisha, chukua tone la maji ya juu, liache likauke kwenye kioo cheusi au kioo kilichowekwa juu ya karatasi nyeusi. Likiacha pete nyeupe, osha tena. Chumvi iliyobaki itajitokeza baadaye kama ukungu mweupe juu ya mchoro uliokauka, na hapo haina dawa.

Kuna jambo linalowatia watu wasiwasi bila sababu. Katika uoshaji wa tatu au wa nne, tope lililokuwa likituama usiku mmoja linagoma na kubaki limetawanyika siku nzima au zaidi. Ni dalili njema: chumvi ndizo zilizokuwa zikifanya chembe za mfinyanzi zishikane na kuzama haraka, nazo zimekwisha. Usirudishe chumvi ili kuharakisha. Mimina tope kwenye sahani pana na uache maji yaondoke yenyewe kwa mvuke, au litie kwenye bakuli la udongo lisilopakwa kitu, ambalo hunywa maji pembeni na chini.

Hatua ya 2: kukausha na kuponda

Tandaza tope kwenye sahani kwa unene usiozidi nusu sentimita, lifunike kwa melimeli dhidi ya vumbi na wadudu, na liache kivulini penye hewa. Likikauka litapasuka na kujinyanyua lenyewe. Mara nyingi kilichobaki ni chini ya theluthi ya uzito ulioanza nao. Udongo wenye mchanga mwingi hutoa pungufu ya hapo.

Ponda mabamba hayo kwenye kinu kwa kuzungusha mchi badala ya kutwanga, kisha chekecha kwa soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya mdomo wa gudulia. Kama umeosha vizuri, karibu kila kitu kitapita. Mabonge yanayobaki yarudishe kinuni.

Kuchoma, ukitaka rangi zaidi

Udongo mmoja wa manjano unaweza kukupa rangi tatu au nne. Gothaiti ikipata joto la kuanzia nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi hupoteza maji yake na kugeuka hematiti, yaani manjano inakuwa nyekundu. Tandaza unga uliokauka kabisa, unene wa sentimita 1, kwenye kikaango chakavu cha chuma juu ya jiko la makaa, nje. Koroga bila kuacha. Kila dakika 5, toa kijiko kimoja uweke pembeni kwenye bati. Utapata mfululizo kuanzia manjano ya asili, chungwa, tofali, hadi nyekundu iliyokolea. Usihukumu rangi ikiwa moto, kwa kuwa hematiti yenye joto huonekana nyeusi zaidi kuliko itakavyokuwa ikipoa.

Usiweke mabonge mabichi motoni. Mvuke ulionaswa ndani huyapasua na kurusha vipande. Ukisikia harufu kali ya kiberiti, epua na utupe, kwani kuna madini ya salfa ndani. Udongo wa kijani usiuchome kama unautaka kijani, kwani utageuka kahawia.

Kuchoma kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Mfinyanzi unaopata joto la nyuzi 500 hadi 600 hupoteza uwezo wa kuvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Jiko la makaa lenye upepo mzuri hufika huko, ingawa si kwa usawa. Udongo uliokuwa ukipasuka kila unapoumimina kwenye kikasha mara nyingi hutulia baada ya kuchomwa.

Hatua ya 3: gundi

Gundi ya rangi za maji ni utomvu wa mgunga, ambao wengi huufahamu kama gamu arabiki. Nunua vipande vigumu vya rangi ya kaharabu, visivyo na magome ya mti, kuliko unga usiojua umechanganywa na nini.

Kwa mkupuo mdogo: gundi gramu 50, maji mililita 100, asali gramu 15, gliserini mililita 5, mafuta ya karafuu matone 5.

Ponda vipande, uvimimine kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 au 70, koroga na uache usiku kucha. Usichemshe, moto mkali wa muda mrefu hudhoofisha mnato wa gundi. Kesho yake chuja kwa melimeli iliyokunjwa mara mbili, kisha tia asali na gliserini gundi ikiwa vuguvugu ili zichanganyike, na mwisho mafuta ya karafuu. Isiwe nyepesi kama maji. Idondoke kwenye kijiko kama asali mpya.

Kila kimoja kina kazi yake. Gundi hushika chembe kwenye karatasi. Asali hufanya rangi iliyokauka kwenye kikasha ilowe upesi brashi inapoigusa, na huipunguzia kukakamaa. Gliserini huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo inafuata hali ya hewa: penye ukavu mkali ongeza hadi mililita 10, penye unyevunyevu mwingi iache kabisa, la sivyo rangi haitakauka kamwe. Mafuta ya karafuu huzuia ukungu, lakini hayazuii milele. Weka gundi kwenye jokofu na uitumie ndani ya wiki 3 au 4. Ikinuka uchachu, itupe. Hakuna mafuta yatakayoiokoa.

Hatua ya 4: vipimo vitano

Hatua hii huchukua saa moja, nayo ndiyo inayorukwa zaidi. Usiiruke.

Pima udongo gramu 1 mara tano, kila fungu kwenye kigae au kisahani chake. Tia gundi uliyoandaa kwa uzito huu: gramu 0.6, 0.8, 1.0, 1.2 na 1.5. Pima kwa mizani, usihesabu matone, kwa sababu tone la gundi hubadilika ukubwa na joto. Ongeza maji matone machache, changanya kwa kisu bapa mpaka pasiwe na unga mkavu, kisha paka kila mchanganyiko kwenye karatasi ya rangi za maji: upande mmoja mzito, upande wa pili uliotandazwa kwa maji mengi. Andika kipimo chini yake na uache ikauke kabisa, bila kuisukuma kwa moto.

Kisha soma. Sugua sehemu nzito kwa kidole kikavu. Ikiacha vumbi la rangi kidoleni, gundi haitoshi. Itazame ubavuni mwa dirisha: iking'aa kama imepakwa vanishi, au ikipasukapasuka mistari, gundi imezidi. Unachotaka ni uso usiong'aa, usioacha kitu kidoleni isipokuwa labda kivuli tu. Kisha weka kibonge cha kila mchanganyiko kwenye plastiki, ukikaushe siku moja, ukiguse kwa brashi iliyolowa. Kizuri hutoa rangi mara moja. Chenye gundi nyingi huteleza kwanza kabla ya kuachia rangi. Chenye gundi chache humomonyoka chembechembe.

Kwa kawaida ngeu nzito yenye chuma kingi hutosheka na gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kila gramu ya udongo. Udongo wa manjano wa wastani huwa karibu na gramu 1. Wenye mfinyanzi mwingi huenda 1.2 hadi 1.5. Yakitokea majibu mawili yanayofanana, chagua lenye gundi kidogo zaidi, kwa sababu rangi iliyopungukiwa gundi huongezewa kwa urahisi, ilhali iliyozidishiwa huhitaji udongo mpya na usagaji mpya.

Hatua ya 5: kusaga kwenye kioo

Chukua udongo gramu 10, ufanye kichuguu kwenye bamba na kishimo katikati. Tia maji matone machache kwanza, ukigeuza kwa kisu mpaka upate ujiuji mzito. Makaa na udongo mweusi mwepesi hukataa kulowa na kuelea juu ya maji. Matone 2 au 3 ya spiriti huyatuliza. Ndipo utie gundi kwa kipimo ulichokipata katika hatua iliyopita, mara 10.

Weka mchi juu na uzungushe kwa mwendo wa namba nane, ukianzia katikati na kutanuka, bila kukandamiza sana. Uzito wa kioo unatosha. Kila baada ya dakika 2 au 3, kusanya rangi yote kwa kisu, pamoja na iliyopanda ubavuni mwa mchi, uirudishe katikati. Usipoikusanya, nusu ya rangi haisagiki kabisa. Ikianza kukauka na mchi kukwama, nyunyiza maji kidogo, si gundi. Mchi uliong'ang'ania bamba usiuvute juu; uteleze hadi ukingoni.

Sikiliza. Mwanzoni kuna mkwaruzo; ulaini kama wa hariri inayopita kwenye kioo kikavu haupo bado. Baada ya dakika 10 hadi 20 sauti inafifia na kuwa mteremko laini. Paka rangi kidogo sana kwenye kipande cha kioo kisafi na ukiinue kuelekea mwanga. Vinukta vyeusi vikionekana, endelea. Vikigoma baada ya dakika 30, ni mchanga uliopita kwenye uoshaji, na kusaga zaidi ni kupoteza nguvu. Rudi hatua ya 1 na udongo uliobaki.

Ukimaliza, futa bamba kwa karatasi kabla ya kuliosha. Tope la udongo likienda kwenye sinki litaziba bomba la maji machafu.

Hatua ya 6: kujaza vikasha

Gramu 10 za udongo pamoja na gundi yake hutosha vikasha vidogo vya mililita 2 kama vitatu hivi, ukihesabu kinachobaki kwenye bamba. Makombe madogo ya baharini yanafaa vilevile, na yametumika kubebea rangi tangu kale: katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe yenye mchanganyiko wa ngeu wa miaka takriban 100,000.

Rangi ikikauka hupoteza zaidi ya theluthi ya ujazo wake, kwa hiyo usijaribu kujaza kikasha kwa mara moja. Mimina tabaka la kwanza hadi theluthi, gonga kikasha mezani mara kadhaa ili mapovu yapande, na liache siku 1 au 2. Ongeza la pili, kisha la tatu. Acha mahali penye kivuli na hewa tulivu, chini ya kifuniko kilichoachwa wazi kidogo. Jua na feni hukausha uso kwanza, sehemu ya ndani inabaki mbichi, na uso unapasuka unapovutwa. Tabaka linalokwenda juu ya lililokauka kabisa linaweza kukataa kushika. Lipitishie brashi yenye maji kwanza.

Vikishajaa, viache wiki moja kabla ya kuvifungia kwenye kijaluba. Kufungia rangi ikiwa na unyevu ndani ndiko kunakoleta ukungu, hata ikiwa na mafuta ya karafuu.

Kinachoharibika na sababu zake

Nyufa chache kavu kwenye kikasha si hasara. Rangi bado inafanya kazi. Kikasha kikipasuka na vipande kutoka nje, chanzo ni kimojawapo kati ya vitatu: mfinyanzi mwingi, ukaushaji wa haraka, au upungufu wa asali. Vunja rangi yote, ilowe kwa maji usiku mmoja, irudishe kwenye bamba pamoja na asali matone 2 au 3 kwa kila kikasha, na usage upya. Kama ni mfinyanzi, changanya na udongo uleule uliochomwa, nusu kwa nusu.

Rangi inayonata baada ya wiki mbili ina asali au gliserini iliyozidi, au hewa ina unyevu mwingi. Isage upya na udongo mkavu zaidi na gundi isiyotiwa asali.

Rangi inayojikusanya vifungu kwenye karatasi, kana kwamba maji yanaisukuma, mara nyingi ina chumvi au ilitengenezwa kwa maji magumu. Inayokataa kutandaa na kujikunja matone inahitaji kilowezi: nyongo ya ng'ombe iliyosafishwa, tone 1 kwa gramu 10. Ukizidisha, rangi itakimbia karatasi nzima na hutaweza kuizuia.

Ukungu ukionekana juu tu, wengine hukwangua na kuendelea. Si ushauri mzuri. Mizizi yake imeshaingia ndani na itakula gundi. Tupa, na uchunguze kama udongo ulikuwa na mboji.

Kumbukumbu na jaribio la jua

Kila kikasha kibandike karatasi yenye mahali udongo ulipotoka, tabaka, tarehe, idadi ya maosho, kama umechomwa na kwa muda gani, na uwiano wa gundi. Bila hayo hutaweza kurudia rangi uliyoipenda, hata ukirudi kwenye shimo lilelile.

Mwisho, paka ukanda wa kila rangi kwenye karatasi nzuri, ukiwa mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine. Funika nusu yake kwa karatasi ya bati la alumini, kwa urefu, na uuweke dirishani penye jua kwa miezi 3. Rangi ya chuma haitabadilika. Nusu iliyo wazi ikiwa imefifia, basi sehemu ya rangi ile ilikuwa ya mimea na si ya madini. Choma udongo uliobaki, ujaribu tena, na rangi isiyochomwa usiitumie kwenye mchoro unaotaka udumu.